Msifunge klabu ya vitabu eti kwa sababu Disemba imefika

Wiki jana mmoja wetu aliandika hivi kwa grupu yetu ya WhatsApp: "Watu wangu, naona tuvunje kikao cha Disemba. Tupatane Januari tukiwa na akili mpya." Kabla ya dakika tano kuisha alikuwa ameshapata dole gumba nane. Sisi tuko kumi na mmoja. Kwa hesabu za Bunge hiyo ni theluthi mbili na chenji inabaki.

Mimi sikuweka dole. Nilianza kuandika jibu, nikafuta, nikaanza tena, nikaona limekuwa refu kuliko sura ya kitabu tunachosoma. Ndiyo maana nimelileta hapa. Kama uko kwa klabu yoyote ya vitabu hapa mjini, ujumbe kama huo umeshauona ama uko njiani. Huja kila mwaka, pale maduka yanapoanza kutundika mataa ya Krismasi na kabla ya nauli kupanda.

Nawaelewa hao nane, na siwezi kusema ni wavivu. Disemba pesa haitoshi. Disemba watu wanaenda ocha. Disemba kila wikendi kuna harusi, ruracio, mahafali, mwisho wa mwaka wa kazini, chama kinagawa pesa, na kuna yule rafiki yako wa Dubai amerudi na anataka kuonekana. Nani atakaa chini na kitabu? Hizo sababu zote ni za kweli. Lakini hata nikizijumlisha sipati jibu ambalo hao wenzangu wamepata, na nitakueleza kwa nini.

Wacha kwanza nikuambie mimi ni nani kwa mambo ya vitabu, usije ukafikiri unasomewa na profesa. Nilifanya KCSE 2017. Riwaya yetu ya lazima ilikuwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, na naona aibu kusema kwamba sikuisoma. Nilisoma mwongozo. Si unajua ile miongozo myembamba, ukifungua unapata maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za uandishi, kila kitu kimetafunwa, kazi yako ni kumeza? Nilijua Mtemi Nasaba Bora ni katili kwa sababu mwongozo ulisema ni katili, na kulikuwa na hoja sita za kuthibitisha. Nilipita vizuri. Niliingia chuo, na mwaka wa pili nikatoka. Karo ilikwama, nikasema nitarudi muhula ujao, muhula ujao ukawa ule mwingine, mpaka siku moja nikagundua nimeacha kusema "nitarudi". Kuanzia hapo nimekuwa nikiandika mambo ya mtaa, nalipwa kidogo hapa na pale.

Kwa hivyo nilipoingia klabu ya vitabu, miaka miwili iliyopita, sikuingia kwa sababu ya vitabu. Niliingia kwa sababu marafiki wangu wote walikuwa watu wa chuo, na mtu akishatoka chuo simu yake huanza kunyamaza polepole.

Mwanzoni tulikuwa tunakutana kwa mkahawa mmoja mzuri, wa viti vya mbao na mimea inayoning'inia. Kikombe cha kahawa Sh350. Kitabu chenyewe kikiwa kipya ni Sh1,200 kwenda juu, na tusisahau kwamba sheria ya VAT ya 2013 iliwekea vitabu ushuru wa asilimia 16, kana kwamba ni pombe. Jumlisha nauli, na tayari umetumia pesa ya chakula cha siku tatu ili kuzungumzia kitabu ambacho pengine hukimalizi. Tulianza watu ishirini. Mwezi wa nne tulikuwa wanne, na kati ya hao wanne, wawili walikuja kupiga picha ya kitabu kando ya kahawa. Sina ubaya na picha. Lakini ukiangalia vizuri zile picha, ile karatasi ya kuweka alama huwa iko ukurasa wa kumi na mbili, mwezi baada ya mwezi.

Aliyetuokoa ni dada mmoja kati ya wale wanne. Ana saluni Umoja, chumba kimoja, vioo viwili, draya mbili, na benchi la wateja kusubiri. Alisema, kwani lazima tulipe ndiyo tukae? Jumapili mchana mimi huwa sina wateja wengi, kujeni hapa. Tukaenda. Chai ya thamosi, mandazi ya kununuliwa hapo nje, na vitabu vya inama. Kama hujui inama, ni wale wauzaji wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya njia hapo mjini, unainama, unachagua, unatoka na riwaya ya Sh100 iliyoandikwa jina la mwanafunzi fulani wa 1998. Tukapanda tena hadi kumi na mmoja. Kuna kijana wa bodaboda, kuna mwalimu anayengoja barua ya TSC tangu enzi za kale, kuna wawili wanafanya kazi za usiku za simu, kuna mama mmoja wa mitumba ambaye ndiye husoma haraka kutushinda sote, ingawa yeye husema anapitia tu.

Lakini kulikuwa na tatizo lingine, na hili nadhani ndilo linaloua klabu nyingi kuliko bei ya kahawa. Ni aibu. Ukiwa hujamaliza kitabu, unaona haya kwenda. Unaandika, "Leo nimepata dharura." Mwezi unaofuata una vitabu viwili hujamaliza, aibu imezaa, unaanza kukwepa hata simu. Tunajifanya ni klabu lakini ndani yetu bado tuko Form Three tukingoja mwalimu aulize swali. Halafu Disemba inafika na wale jamaa wa mtandaoni wanaweka orodha, "Vitabu 60 nilivyosoma mwaka huu," vimepangwa kama matofali. Sisemi ni waongo. Nasema mimi nikiona hizo orodha natamani kulala.

Sasa nikupeleke Disemba ya mwaka jana.

Kikao chetu kilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Kitabu kilikuwa Siku Njema ya huyo huyo Ken Walibora. Kilitoka 1996, na wakubwa wetu wengi walikisoma shuleni. Mwandishi mwenyewe alifariki Aprili 2020, na nadhani wengi wa rika langu tulisikitika kwa njia ya ajabu, tukimlilia mtu ambaye hatukuwa tumemsoma sawasawa. Tulikichagua kwa sababu hiyo, kama deni.

Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa amekisoma. Kati ya wale waliofika, ambao walikuwa watano, mmoja tu ndiye aliyekuwa amefika nusu. Na shida ya pili, saluni ilikuwa imejaa. Kama umewahi kupita mtaani wiki ya Krismasi unajua. Kila mtoto lazima asukwe, kila mama lazima aonekane kijijini kwamba Nairobi inamtunza. Dada yetu alikuwa amesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi na wasusi wawili wa kukodi, wanawake saba kwa foleni, watoto wawili wanalia, redio inapiga nyimbo za Krismasi zile zile. Akatuangalia mlangoni akasema, "Mnaona wenyewe. Leo haiwezekani." Kisha, sijui kwa nini, akaongeza, "Ama mmoja wenu asome kwa sauti, mimi nisikie nikisuka."

Waliniangalia mimi. Eti kwa sababu ndiye mwandishi.

Nikazima redio, na hapo nilipata maadui wa kwanza. Nikaketi kwa ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwa ukuta, nikaanza ukurasa wa kwanza. Hadithi ni ya kijana wa Tanga, wanamwita Kongowea Mswahili. Mamake ni mwimbaji wa taarabu. Mama anakufa, na baadaye kijana anafunga safari kuja Kenya kumtafuta baba ambaye hajawahi kumwona. Kurasa tatu za kwanza nilikuwa nasoma kama mtu anayesoma tangazo la mazishi. Sauti inatetemeka, nameza maneno. Kiswahili chake si kile chetu cha stejini, kuna maneno nilikuwa nayakwepa kama mashimo ya barabara. Mama mmoja wa miaka kama hamsini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, akanikata, "We kijana, umeruka. Rudia hapo."

Nikarudia.

"Polepole. Hukimbizwi."

Tangu hapo kitu kilibadilika, na sijui nikieleze vipi bila kukutilia chumvi. Watoto waliendelea kulia, usinielewe vibaya. Watu waliingia na kutoka. Mtu alipiga simu kwa sauti akibishana juu ya kondoo. Lakini kila nilipotua kupumua, kulikuwa na mtu wa kusema "ehe?" Walianza kugombana na hadithi. Huyu baba alikuwa wapi miaka yote hiyo? Mmoja akasema wanaume ni hivyo tu. Mwingine, aliyekuwa chini ya draya na kwa hivyo alikuwa anapiga kelele, akasema, si wote, babangu alinilea peke yake. Wakanyamaza kidogo. Kisha yule mama wa nusu kichwa akasema, "Haya, endelea."

Ilifika mahali koo likakauka nikasema naomba tupumzike. Msichana mmoja, mteja, hata hatukuwa tunamjua jina, akatoa Sh100 akamtuma mtoto dukani. "Mletee soda asome." Nilikunywa, nikasoma. Saa tatu hivi, na soda mbili. Sijawahi kulipwa vizuri zaidi kwa kazi ya maneno, na nasema hivyo nikijua mhariri wangu anasoma hapa.

Nilifikiri tulikuwa tumevumbua kitu. Kumbe tulikuwa tumechelewa kwa zaidi ya miaka arobaini. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978, kwenye karatasi za choo. Kitabu kilitoka 1980, na kwa Kiswahili kinaitwa Shetani Msalabani. Katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha 1986, ameeleza kilichotokea kilipofika kwa watu. Familia zilikusanyika jioni na mmoja aliyejua kusoma akawasomea wengine. Wafanyakazi walikisoma pamoja saa ya chakula cha mchana. Kilisomwa ndani ya mabasi na teksi. Na kilisomwa baa. Huko baa walizuka wasomaji wa kazi hiyo, mtu anasoma kwa sauti wengine wakinywa na kusikiliza, halafu akifika mahali patamu anaweka kitabu chini, anaangalia glasi yake ambayo iko tupu, na watu wanapiga kelele mhudumu amletee nyingine haraka ili hadithi iendelee.

Soma hapo tena. Mkutano wa kitabu, ndani ya baa, hapa hapa Kenya, na hakuna aliyeuliza kama umemaliza kusoma nyumbani.

Nani basi alituambia kusoma ni kazi ya mtu mmoja, kimya, amejifungia? Sehemu ya jibu ni shule. Sehemu nyingine iko pale mjini, kwa maktaba ya McMillan, ile ya simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Vitabu vililetwa kwetu vikiwa na mlinzi mlangoni, na nadhani bado tunatembea kwa ncha za vidole tukivikaribia, kana kwamba mtu atatufukuza. Leo ingia, hakuna wa kukuzuia, na ina matawi Makadara na Kaloleni. Lakini hata huko ndani lazima unyamaze. Mimi nimegundua sisomi vizuri nikinyamaza.

Sasa, hizo sababu za Disemba. Nizijibu, kwa sababu wale nane watasoma hapa na wataniuliza.

Pesa. Ni kweli hamna. Nusu ya mtaa inaishi kwa Fuliza na nusu nyingine inaogopa Njaanuari. Lakini hesabu vizuri. Sherehe moja ya Disemba, hata ile ya kujibana, utaacha huko elfu mbili. Kikao chetu cha saluni kiligharimu mandazi. Mwezi ambao kila mahali unapotaka kukaa na watu lazima utoe pesa, ndio mwezi wa kufunga mahali pa bure? Hiyo hesabu mimi hainiingii.

Ocha. Wengi wanaenda, sawa. Lakini wengi hawaendi, na huwa hawasemi. Nauli ya kwetu Kakamega ikipanda mara mbili, na mkono mtupu huwezi kwenda nao, kuna watu wengi sana wanaobaki Nairobi na kuzima simu wakijifanya wamesafiri. Nairobi ya tarehe 25 Disemba haina mtu. Ukitembea Tom Mboya unasikia viatu vyako. Klabu ikifungwa "kwa sababu watu wanasafiri", anayefungiwa nje ni yule asiyesafiri.

Najua kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Mwaka jana Mama alikuwa bado anajua niko chuo. Nilikuwa nimemwambia sitafika Krismasi kwa sababu nafanya mafunzo ya kazini na hawatoi likizo. Nilipanga uwongo wangu vizuri, nikaweka hata jina la bosi. Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa sebuleni na shangazi zangu nikiulizwa, "Unamaliza lini?" Shangazi zangu wana njia ya kuuliza hilo swali wakiwa wanakuongezea ugali, huwezi kukimbia.

Ile Jumapili ya saluni, tulipofunga saa mbili usiku, tulikuwa hatujamaliza kitabu. Yule mama, sasa kichwa kizima kimesukwa, akauliza mwisho wake ni upi, alimpata babake ama hakumpata? Nikamwambia sijui, hata mimi sijafika huko. Akacheka sana. "Kumbe unatusomea na hujui!" Akaomba kitabu aende nacho, basi lake lilikuwa la asubuhi, Kisii. Kilikuwa nakala yangu ya Sh150. Nikampa. Akauliza nitakipataje tena, nikasema Januari leta hapa saluni. Akaniuliza, "Na wewe kwenu ni wapi? Unasafiri lini?"

Nikamwambia siendi. Akauliza kwa nini. Na sijui ni ule uchovu, ama ni ile hadithi ya mtu anayevuka mpaka kutafuta mzazi wakati mimi wangu yuko safari ya usiku mmoja, nikajipata nimemwambia mtu nisiyemjua kitu ambacho sikuwa nimemwambia hata mmoja wa wana klabu. Kwamba niliacha. Kwamba nyumbani hawajui. Alinisikiliza akifunga kitambaa kichwani. Hakunipa mawaidha. Alisema tu, "Mama yako anajua. Sisi huwa tunajua, tunangoja mtuambie." Akaondoka.

Nilienda nyumbani tarehe 27, baada ya wenye pesa kusafiri na nauli kushuka kidogo. Mama alikuwa anajua. Alikuwa amejua tangu Agosti. Yaliyosemwa jikoni siku hiyo hayakuhusu, na si yote yalikuwa matamu.

Simaanishi klabu ya vitabu itatatua shida zako za familia. Nenda klabu kumi, shida zako zitakungoja mlangoni. Ninachosema ni kwamba Disemba ndio mwezi ambao watu wengi wa umri wetu wanabeba kitu kizito huku wakicheka kwa sauti kubwa. Kazi imeisha, mtu ameachwa, shule imekwama, na kila mtu anauliza uko wapi na umefika wapi. Kwa sherehe hutaongea hayo, muziki ni mkubwa na kila mtu anajionyesha. Kanisani utaombewa. Ukiwa umekaa kwa ndoo na kitabu cha mtu mwingine, unazungumza juu ya Kongowea, na kabla hujajua unazungumza juu yako.

Sababu ya tatu, kwamba sherehe na kitabu haziendi pamoja, nishaijibu kwa ile baa ya Ngũgĩ. Lakini kama unataka mfano wa mbali, kuna Iceland. Huko Disemba si kama yetu ya jua na vumbi. Jua linachomoza baada ya saa tano asubuhi na saa tisa unusu mchana limeshatua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bidhaa za kutoka nje zilikuwa adimu na karatasi ilikuwa na nafuu, watu wakazoea kupeana vitabu kama zawadi. Tangu 1944 wanachapisha katalogi ya vitabu vipya kabla ya Krismasi, ambayo kwa miaka mingi ilifikishwa nyumbani kwa watu, na mkesha wa Krismasi watu hufungua zawadi, kitabu kikiwemo, na kukaa kukisoma. Wana jina lake, Jólabókaflóð, yaani mafuriko ya vitabu ya Krismasi. Sisemi tuwe Iceland. Sisi mafuriko tunayo ya kutosha kila mvua ikinyesha. Nasema tu kwamba wao pia walianza hivyo kwa sababu vitu vingine vya kununua vilikuwa adimu.

Kwa hivyo nilirudi kwa grupu nikaandika jibu fupi. Nilisema kikao cha Disemba kipo, Jumapili tarehe 21, kuanzia saa nane, na atakayekuja aje. Hakuna kitabu cha kumaliza nyumbani. Tutasoma hadithi fupi kwa sauti, kwa zamu, mpaka wateja watuchoke. Kila mtu alete kitabu kimoja cha inama kisichozidi Sh150, kimefungwa kwa gazeti kuukuu, tutakokota kama bahati nasibu. Anayesafiri aende na chake, na akifika kwao amsomee kukhu ama shosho wake hata kurasa mbili, kisha atuambie Januari alisema nini. Wazee wana maoni makali sana juu ya wahusika, nilijaribu.

Dole gumba mpaka sasa ni nne. Mmoja ameandika "labda". Dada wa saluni amesema sawa, ila foleni ya mwaka huu ni ndefu kuliko ya mwaka jana, na benchi moja limevunjika.

Na ile nakala yangu ya Siku Njema ilirudi Februari. Mwisho wake nikausoma mwenyewe, nikiwa ndani ya matatu, kimya, na nikakasirika kwamba hakukuwa na mtu wa kumwambia "ehe". Kwa ukurasa wa nyuma mtu ameandika namba ya mtu wa kondoo, na pembeni ya sura moja kuna mchoro wa kalamu ya bluu, mtoto tu, na neno moja: "Rudia."

Ukija tarehe 21, beba cha kukalia.